Madaftari Mawili, Jina Moja

Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale waliokosa kuyasikia na wale walioomba wayaone kwa maandishi.



Kijana mmoja wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, ametuletea barua yenye swali ambalo ukiliangalia kwa haraka utasema si swali la redio. Anajifunza kuandika programu za kompyuta. Mwalimu wake amempa zoezi ambalo hupewa karibu kila anayeanza: zipo orodha mbili za majina, andika programu itakayotoa majina yaliyomo katika orodha zote mbili. Kijana huyu hakutaka kubuni majina. Akashuka mwaloni, akaazima madaftari mawili ya mtumbwi wa abiria unaokwenda kaskazini kwenye vijiji vya Mwamgongo na Kagunga. Daftari moja ni la waliopanda kwenda siku ya Jumatatu. Jingine ni la waliopanda kurudi Alhamisi, nalo liliandikwa na mtu mwingine. Alitaka kujua ni akina nani waliokwenda na kurudi na chombo kile kile. Kwa macho yake mwenyewe anawaona watu 11. Programu yake inamjibu kwamba ni 4.

Anauliza: "Je, kompyuta imekosea, au ni mimi?"

Nimelichukua swali hili kwa sababu ninavyoona mimi si la darasani peke yake. Katika mkoa huu wetu, na pande zote za Ziwa Tanganyika, kuna watu waliompata mama au mtoto, na wengine ambao hawakumpata, kwa sababu ya namna orodha mbili zilivyolinganishwa. Lakini tulianze jambo kwenye mwanzo wake.

Katika hesabu, mkusanyiko wa vitu ambavyo kila kimoja kinahesabiwa mara moja tu huitwa seti. Nadharia yake ilianzishwa na Mjerumani Georg Cantor katika miaka ya 1870. Wengi wetu tunazikumbuka seti kwa ile michoro ya duara mbili zinazopandana, iliyoenezwa na Mwingereza John Venn mwaka 1880. Ile sehemu ya katikati, ambamo duara zote mbili zimo, ndiyo makutano ya seti, na alama yake ni kama bakuli lililopinduliwa. Kijana wetu anatafuta makutano.

Seti ina tabia mbili ambazo anayeanza ni lazima azijue mapema, maana zote mbili humshangaza. Ya kwanza, haijali nani ametangulia. Ukiyamwaga majina ya daftari ndani ya seti, mpangilio wa foleni unapotea, na programu inaweza kukurudishia majina kwa utaratibu ambao hukuuandika. Ya pili, haihesabu marudio. Asha akisafiri mara tatu, ndani ya seti ni Asha mmoja. Kwa hiyo usije ukapigia hesabu za nauli ndani ya seti. Mwenye chombo atakufukuza, na atakuwa na haki.

Sasa makutano hutafutwaje? Njia ya kwanza ndiyo ile ambayo kila mtu huifikiria. Unachukua jina la kwanza la daftari la kwanza, unalipitisha mbele ya majina yote ya daftari la pili. Ukimaliza unachukua la pili, unaanza upya. Tuseme waliokwenda ni 40 na waliorudi ni 60. Utalinganisha mara 2,400. Kwa kompyuta hizo ni kama kupepesa jicho, na kwa zoezi la mwalimu njia hii inatosha kabisa. Taabu inakuja orodha zinapokua. Chukua orodha mbili za watu 10,000 kila moja. Ulinganisho unafika milioni 100. Karani wa kibinadamu, akitumia sekunde moja kwa kila ulinganisho bila kula wala kulala, angehitaji zaidi ya miaka mitatu.

Njia ya pili ni kuzipanga kwanza orodha zote mbili kwa alfabeti. Ukishazipanga unaweka kidole cha kushoto kwenye jina la juu la orodha moja na cha kulia kwenye jina la juu la orodha ya pili. Majina yakilingana, umempata mmoja. Andika, kisha shusha vidole vyote viwili. Yasipolingana, shusha kile kidole kilichoko kwenye jina linalotangulia kialfabeti, basi. Hurudi nyuma hata mara moja. Kwa orodha zile zile mbili za watu 10,000, vidole vyako havitashuka zaidi ya mara 20,000. Kazi ya kupanga nayo ina gharama yake, ni kweli, lakini hata ukiijumlisha unabaki mbali sana na ile milioni 100.

Njia ya tatu ndiyo kompyuta yenyewe huitumia mara nyingi, nayo inafanana na masanduku ya posta. Mfanyakazi wa posta akipata barua ya sanduku namba 16 hapiti sanduku moja baada ya jingine akisoma majina ya wenyewe. Anakwenda moja kwa moja kwenye namba 16. Basi nasi tulipe kila jina namba. Chukua alfabeti ya Kiingereza yenye herufi 26. A iwe 1, B iwe 2, hadi Z iwe 26. Jumlisha herufi za jina, gawanya kwa idadi ya masanduku, tuseme 20, kisha chukua kinachobaki. Juma ni 10 na 21 na 13 na 1, jumla 45. Ukigawanya kwa 20 kinabaki 5. Juma anakwenda sanduku la 5. Mariamu jumla yake ni 76, anakwenda la 16. Ukishawaweka wote wa daftari la kwanza kwenye masanduku yao, unamchukua kila mmoja wa daftari la pili, unapiga hesabu yake, unafungua sanduku lake tu na kuangalia kama yumo.

Msikilizaji makini atauliza: je, wawili wakiangukia sanduku moja? Inatokea. Saidi jumla yake ni 42 na Tatu ni 62, wote wawili wanakwenda sanduku la 2. Ndiyo maana ukishafungua sanduku unalazimika kusoma jina lenyewe, usitosheke na namba. Kompyuta hutumia hesabu yenye kuchanganya zaidi kuliko hii yangu, na masanduku mengi zaidi, ili msongamano uwe mdogo. Wazo ni hili hili.

Katika lugha ya Python, ambayo Mholanzi Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991 na ambayo kijana wetu anaitumia, kazi yote hiyo ya masanduku imefichwa ndani ya alama moja. Unaigeuza orodha ya kwanza kuwa seti, unaigeuza ya pili kuwa seti, halafu unaweka kati yake ile alama ya "na" ambayo kwenye kibodi nyingi iko pamoja na tarakimu 7:

waliokwenda & waliorudi

Usizigeuze kuwa seti kwanza, ukaweka alama hiyo kati ya orodha mbili za kawaida, programu itakukatalia. Kijana wetu hilo alilijua. Programu yake ni sahihi. Nimeionyesha kwa anayefahamu zaidi yangu, naye amesema haina kasoro. Basi wale watu 7 wamepotelea wapi?

Ameambatanisha kurasa zenyewe, na jibu limo humo. Kwenye daftari la kwanza kuna Juma mwenye J kubwa. Kwenye la pili kuna juma mwenye j ndogo. Kwako wewe na mimi huyo ni Juma. Kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti, hivyo ni majina mawili. Kuna Asha ambaye baada ya herufi ya mwisho kijana amebonyeza nafasi bila kujua. Jicho halioni nafasi, mashine inaiona. Hao ni wawili. Watano waliobaki ni kisa kingine, na ni kisa cha ziwa letu. Daftari moja lina Ramadhani, la pili lina Ramazani. Moja lina Athumani, la pili Assumani. Musa na Moussa. Hamisi na Amisi. Na Juma mwingine ambaye kule ameandikwa Djuma.

Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa. Aliyesoma shule upande wa Uvira, Baraka au Kalemie amefundishwa kuandika kwa taratibu za Kifaransa, na jina lile lile ambalo babu zetu walilipokea kwa pamoja linavaa nguo nyingine likivuka maji. Wala si lazima livuke maji. Pale Ujiji zipo nyumba za Wamanyema ambamo kaka anaandikwa Ramadhani na mdogo wake Ramazani, kila mmoja kwa mkono wa mwalimu aliyemwandikisha shule.

Kwa hiyo kijana, kompyuta haijakosea. Uliiuliza ni maandishi yapi yanafanana, ikakujibu. Ulichotaka kujua ni watu gani ni wale wale, na hilo hukuiuliza. Ni nini kihesabiwe kuwa "sawa" ni uamuzi unaoufanya wewe kabla mashine haijaanza kazi.

Uamuzi huo hufanywa kwa kutengeneza kitu ambacho tukiite ufunguo. Jina unaliacha lilivyo, kwa heshima ya mwenyewe, lakini pembeni yake unaandika ufunguo, na ni funguo ndizo zinazolinganishwa. Kwa majina ya pwani yetu ningeshauri hivi: geuza herufi zote kuwa ndogo, kata nafasi zilizo mwanzoni na mwishoni. Penye dj weka j. Penye ou weka u. Penye tsh weka ch. Penye dh weka z, na penye th weka s. Herufi ikijirudia mara mbili mfululizo, iache moja. H ikiwa mwanzoni mwa jina, iondoe. Jaribu: Ramadhani na Ramazani wote wanakuwa ramazani. Athumani na Assumani wote wanakuwa asumani. Hamisi na Amisi ni amisi. Moussa ni musa, Djuma ni juma. Wale saba wanarejea, na jumla inakuwa 11.

Jambo hili si geni hata kwenye simu iliyo mfukoni mwako. Mara tu unapoweka programu ya kutumiana ujumbe, inakuonyesha ni akina nani kati ya marafiki zako wanaoitumia. Hayo ni makutano ya seti mbili: namba zilizomo kwenye simu yako na namba za wateja wao. Lakini wewe umeandika namba ya shangazi ikianza na sifuri, na mwingine ameiandika ikianza na 255. Kama wasingezifanya zote kuwa za namna moja kwanza, shangazi asingeonekana.

Zipo funguo zilizotengenezwa zamani na watu wa nje, na anayeanza hushawishika kuzichukua zilivyo. Mashuhuri kuliko zote ni ile iitwayo Soundex, ambayo Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918 na ambayo baadaye ilitumika kupanga majina ya sensa za Marekani. Inashika herufi ya kwanza, inatupa irabu, kisha inazipa konsonanti namba kwa makundi ya sauti. Nimeijaribu kwa majina yetu. Juma inampa J500, Djuma inampa D250, imewatenganisha. Musa inampa M200, na Mosi naye M200, imewaunganisha. Yaani inawafukuzanisha walio mmoja na kuwaoza wasiohusiana. Si kosa la Bwana Russell. Yeye alikuwa akisikiliza majina ya kwao.

Na hapo ndipo pana hatari ya upande wa pili. Ufunguo ukiwa mkali mno, unawakosa watu. Ukiwa legevu mno, unawaleta wasiohusika. Tuseme kijana wetu, kwa furaha ya kuwapata wale saba, akaamua kufuta irabu zote. Musa anakuwa ms. Mosi anakuwa ms. Amisi naye anakuwa ms. Kwenye mtumbwi wa Kagunga kosa hilo lingeleta kicheko. Lipo mahali ambapo haliwezi kuleta kicheko.

Mwaka 1972, baada ya mauaji ya Burundi, watu walimiminika mkoani humu. Wakaja tena mwishoni mwa 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa. Mwaka 1994 ikawa Rwanda, na mwisho wa mwezi Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mwaka 1996 vita ikawaka mashariki mwa nchi iliyoitwa Zaire, na safari hii njia ilikuwa maji. Watu walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakapokelewa kwenye mialo yetu na kupelekwa kambini Nyarugusu na baadaye Lugufu. Mwezi Mei 2015 maelfu ya Warundi walirundikana Kagunga, kipindupindu kikazuka, na meli ya Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini kwa zamu, wakifikia uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika.

Kila mara, katika kukimbia, mikono iliachana. Baada ya 1994 peke yake, watoto walioandikishwa katika nchi za Maziwa Makuu kuwa wako peke yao, hawana mzazi wala ndugu aliye nao, walizidi 100,000. Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu, vyama vya Msalaba Mwekundu vya nchi hizi, UNICEF, Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa na wengine wakajikuta na orodha mbili. Moja ni ya watoto waliopatikana. Nyingine ni ya wazazi wanaotafuta. Kazi ilikuwa kupata makutano.

Kazi hiyo ilikuwa imekwisha fanywa kabla hata kompyuta hazijaanza kutumika. Mwaka 1914, vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Msalaba Mwekundu ulifungua Geneva ofisi ya habari za wafungwa wa vita. Kutoka serikalini zilikuja orodha za waliotekwa. Kutoka majumbani zilikuja barua za mama na wake: mwanangu yuko wapi? Watu wa kujitolea, mmoja wao akiwa mwandishi Mfaransa Romain Rolland, walinakili kila jina kwenye kadi. Kadi ya aliyepatikana na kadi ya anayetafutwa zilipangwa ndani ya masanduku mamoja kwa alfabeti, hivyo karani akipachika kadi mpya na kuikuta nyingine ya jina hilo hilo, moyo ulimwenda mbio. Kukutana huko kwa kadi mbili walikupa jina lake maalumu ofisini, maana ndiko walikokuwa wakikusubiri kutwa nzima. Mpaka vita vinakwisha, kadi zilifikia kiasi cha milioni 7. Hii, kijana, ndiyo ile njia yako ya pili, ya vidole viwili, ikifanywa kwa mikono ya watu.

Baada ya vita vya pili vya dunia, ofisi nyingine ya kutafuta waliopotea iliwekwa mjini Arolsen, Ujerumani. Huko walikuta kwamba alfabeti peke yake haiwatoshi. Jina moja la Kiyahudi lilikuwa limeandikwa na makarani wa Kijerumani, wa Kipolishi, wa Kirusi na wa Kifaransa kwa tahajia zinazohesabika kwa mamia. Wakaamua kuzipanga kadi kwa sauti ya jina, si kwa herufi zake. Yaani walitengeneza ufunguo wao.

Huku kwetu ufunguo ulikuwa mgumu zaidi, na sababu si tahajia tu. Kwa Warundi na Wanyarwanda, kama ilivyo kwa Waha wengi wa zamani, kila mtoto hupewa jina lake lenye maana yake. Kaka anaweza kuwa Niyonzima na dada yake Ndayishimiye, wa tumbo moja, na wasiwe na herufi ya jina la ukoo inayowaunganisha. Mgeni aliyezoea majina ya Ulaya akitafuta makutano kwa jina la mwisho, hawaoni kamwe. Ikabidi fomu ziulize zaidi: jina la baba, jina la mama, mlima wanakotoka, umri, mahali na siku walipoachana. Ufunguo ukawa na meno mengi. Na walikuwepo watoto wadogo mno, ambao ukiwauliza baba anaitwa nani wanakujibu "Baba". Hao walipigwa picha, picha zikabandikwa na kupitishwa kambini na vijijini, wazazi wakawa wanazipitia moja moja wakitafuta uso. Hiyo ndiyo ile njia ya kwanza, ya kulinganisha kila mmoja na kila mmoja. Ni ya polepole, lakini palipokosekana jina ndiyo iliyobaki.

Redio nayo ilikuwa na fungu lake, na mniruhusu nilitaje kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo kwa Kinyarwanda na Kirundi yaliyopewa jina la Gahuzamiryango, maana yake kiunganisha familia. Majina yalikuwa yakisomwa hewani, jina baada ya jina. Ukiifikiria, hiyo nayo ni hesabu ya makutano, ila orodha ya pili haikuandikwa popote. Imo ndani ya vichwa vya wanaosikiliza. Na sikio la mama lina ufunguo ambao hakuna aliyeweza kuuandika. Msomaji akilitamka jina la mwanawe vibaya, analitambua.

Sasa turudi kwenye hatari ya ufunguo legevu. Tuseme mashine imesema: mtoto huyu na mama huyu wanalingana. Je, mtoto apakizwe gari leo? La hasha. Juma mwana wa Ramadhani wa Uvira wanaweza kuwa kumi. Wafanyakazi wa kutafuta ndugu hulichukua jibu la orodha kuwa pendekezo tu. Mtu huenda kwa mtoto, mwingine huenda kwa mzazi, kila mmoja akaulizwa peke yake mambo ambayo wa nje hawezi kuyajua: nyumba ilitazama wapi, bibi aliitwaje nyumbani, kovu lile la mguuni lilitokana na nini. Kumkabidhi mtoto kwa asiye wake ni kumpoteza mara ya pili, na safari hii kwa saini. Hivyo kwa programu za namna hii afadhali ufunguo uwe legevu kidogo, ulete wanaodhaniwa kumi, kisha binadamu wawachambue, kuliko uwe mkali ukamwacha yule mmoja wa kweli nje.

Na liko jingine ambalo zoezi la mwalimu haliligusi. Kuwepo kwenye orodha kunaweza kuwa hatari. Si kila anayekutafuta anakutafuta kwa heri. Wapo waliobadili majina makusudi ili wasipatikane, na mtu aliyekimbia kuuawa ana haki hiyo. Kwa sababu hiyo Msalaba Mwekundu hautoi anwani ya aliyepatikana kabla ya kumuuliza mwenyewe kama anakubali. Makutano yakishapatikana, swali la kwanza huulizwa faraghani.

Kijana wetu aongeze jambo moja kwenye programu yake. Hivi sasa inatoa wanaolingana na kuwasahau waliobaki. Awahifadhi hao waliobaki. Jibu tupu lina maana moja tu: kwa ufunguo huu, na kwa orodha hizi kama zilivyo leo, hakuna aliyelingana. Halisemi mama hayupo. Pale Geneva kadi iliyokosa mwenziwe haikutupwa; ilikaa ndani ya sanduku, na wiki ya pili au mwaka wa pili nyingine iliweza kuja ikalala ubavuni pake.

Barua ina swali la pili, fupi: madaftari yakiwa matatu itakuwaje? Unatafuta makutano ya mawili kwanza, kisha jibu lake unalikutanisha na la tatu. Utakayemaliza naye ni yule yule ukianza na lolote, lakini anza na lile fupi kuliko yote, maana makutano hayawezi kuwa makubwa kuliko seti ndogo, na kazi inayobaki inapungua mapema. Tuseme wakati ule wa 2015 tungekuwa na daftari la Kagunga, daftari la meli na daftari la uwanjani. Walioko kwenye yote matatu wamefika, hao tunawapa maji na mkeka. Programu iambiwe itoe na orodha nyingine, ya walioko kwenye la Kagunga na la meli ambao hawamo kwenye la uwanjani. Python inaifanya kwa alama ya kutoa, ile ile ya hesabu za darasa la kwanza. Hiyo ndiyo orodha ambayo karani angeishika mkononi na kushuka nayo bandarini kuuliza, jina moja moja.